Teuntje Brasser na Mwelmu Uliopotea

Teuntje Brasser aliingia kitalu cha Koppejan akiwa na miaka kumi na minne, na kazi aliyopewa ilikuwa kufunga. Mbele yake mwanamume alipiga magoti na kisu, akaukata mche karibu na ardhi, akachomeka kijiti cha mti mwingine, akasogea. Nyuma alifuata binti na nyuzi za rafia, akalifunga jeraha, akapaka nta, akasogea. Ndivyo miti ilivyobebeshwa kijijini Zandkerke, kwenye kisiwa cha Walcheren, Uholanzi, tangu enzi za babu yake Koppejan: wanaume wanakata, wanawake wanafunga. Mwezi wa Machi upepo wa baharini unapasua midomo, udongo unang'ang'ania magoti kama gundi, na kutwa nzima binti haoni kitu ila soli za viatu vya mbao vya mtu aliye mbele yake.

Soli alizoziona Teuntje zilikuwa za mzee Izaak Geschiere, aliyekuwa fundi kwa miaka arobaini. Siku ya tatu mzee akasikia nyuma yake pako kimya mno. Akageuka. Binti alikuwa amechomoa kijiti kimoja na amekishika mkononi.

"Wewe! Umekichomoa cha nini?"

"Hakijakaa, babu. Gome la huku halijakutana na gome la kule."

Izaak akakichukua, akakisogeza kwenye jicho lake zima, akakitazama. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimewekewa mkaguzi mgongoni! Haya, kikate wewe basi. Lete mkono."

Akamfundisha. Alimfundisha kwa siri, bosi akiwa amekwenda sokoni Middelburg, na alimfundisha kwa ukali. Kisu kivutwe mara moja, kisirudie. Usikate kwa kiganja, kata kwa bega. Na jambo moja ambalo Izaak mwenyewe alikuwa amelirithi kwa mjomba wake: kijiti kikae upande wa magharibi wa mche, upande wa upepo, ili upepo ukivuma ukisukume kwenye mche badala ya kukibandua. Teuntje hakuliacha hilo hadi anazeeka.

Macho ya Izaak yalipokwisha kabisa, binti alikuwa na miaka ishirini na ndiye aliyekuwa akikata safu zote za mzee, watu wakijifanya hawaoni. Bosi, Cornelis Koppejan, hakuwa mtu wa maneno mengi. Majira ya kiangazi alipita kwenye safu akihesabu miche iliyoshika na iliyokufa. Kwenye safu za wengine, kila mia ilikufa ishirini, pengine thelathini. Kwenye zile za Izaak ilikufa sita.

"Izaak haoni hata sahani yake," alisema mbele ya wote. "Nani amekata hizi?"

Teuntje akainua mkono wenye nta.

"Basi kuanzia leo anakata. Anayeona vibaya, rafia ile pale, akafunge."

Walioona vibaya hawakukosekana. Jakob Wondergem, fundi wa safu ya pili, alimngoja wakati wa kahawa. "Teuntje, ukijikata kidole tukubebeshe kipya?"

"Nibebesheeni ulimi wako, Jakob. Pengine kwangu utazaa neno la maana."

Banda zima lilicheka, na Jakob naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusia tena habari ya vidole.

*

Mwaka 1930, mwezi wa Agosti, ilipiga dhoruba iliyobeba povu la chumvi mpaka ndani ya kisiwa. Kesho yake majani yote ya kitalu yalikuwa yameungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni. Teuntje alitumwa kwenye kiwanja cha nyuma, penye mielmu midogo iliyooteshwa kwa mbegu, ile ambayo kazi yake ni kubebeshwa tu. Hakuna mtu anayeipa jina wala kuitazama mara mbili. Miche elfu moja na zaidi, yote imelala kuelekea mashariki.

Mmoja ulikuwa umesimama.

Haukuwa mrefu kuliko yeye. Shina lilikuwa wima kama lililopimwa kwa timazi, na majani yalikuwa mabichi hadi ukingoni. Teuntje alidhani labda kuna kitu kilichoukinga, akatafuta, hakuna ukuta wala ua. Akachuma jani. Kikonyo chake kilikuwa chekundu. Akalipitishia kidole gumba na hapo akashangaa: nusu ya juu, kuelekea nchani, ilikwaruza kama ulimi wa paka, na nusu ya chini ilikuwa laini kama ngozi ya sikio. Mielmu ya milimani inakwaruza jani zima. Mielmu ya mashambani ni laini jani zima. Huu ulikuwa mtoto wa aina mbili, nyuki au upepo ulikuwa umefanya kazi bila kumwuliza mtu.

Alikimbia kwenda kumwita bosi, akiwa ameacha kiatu kimoja matopeni.

Koppejan alikuja, akauzunguka mche mara tatu, akautikisa. "Wima," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kwa miaka minne vijiti vyote vya mti ule vilipita mikononi mwa Teuntje. Vilishika vizuri. Vilipandwa juu ya tuta la bahari kwa majaribio, mahali ambapo hata nyasi hulalamika, vikaenda juu bila kupinda. Wakati ule ugonjwa wa mielmu ulikuwa umeshaingia nchini. Mende wadogo wa gome waliusambaza, majani yakajikunja kuanzia juu, na barabara nzima za miti ya miaka mia zilikatwa kuni. Kila halmashauri ilitaka mti mpya. Kama huu ungeuvumilia ugonjwa hakuna aliyejua bado, lakini upepo uliuvumilia, na kwa watu wa kisiwa hilo lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 1935 Koppejan alitundika kibao chenye jina la mti: Fahari ya Koppejan.

Krijn, mume wa Teuntje, mwashi mwenye hasira za haraka, alikisoma kibao hicho Jumapili walipotoka kanisani. "Fahari ya nani? Alikuwa wapi yeye siku ile? Na wewe unakaa kimya!"

"Kibao ni chake, Krijn. Kiwanja chake, mbegu zake."

"Na mti?"

Teuntje alifikiri kidogo. "Mti haujui kusoma," alisema, akamshika mkono waende wakale.

Hata hivyo watu wa Zandkerke walijua, na midomoni mwao ulikuwa mwelmu wa Teuntje. Mia mbili na kitu ilipandwa kando ya barabara ya tuta. Kumi na miwili ilifungwa magunia na kupelekwa ng'ambo, Noordhoeve, bara, kwa mwenye shamba mmoja aliyekuja kutembea akaipenda. Mingine yote ilibaki kisiwani. Ilikuwa miti ya upepo wa bahari. Nani mwingine angeihitaji?

*

Oktoba 1944 ndege za Waingereza zilipasua matuta kwa mabomu ili kuwatoa Wajerumani, na bahari ikaingia Walcheren. Haikuingia ikatulia. Iliingia na kutoka mara mbili kwa siku, kila siku, kwa mwaka mzima na zaidi. Teuntje, Krijn na binti yao mdogo Pieternel walihamia darini, pamoja na mbuzi. Chini, kwenye jiko lao, kome waliota kwenye miguu ya meza.

Kitalu kilikuwa ziwa. Koppejan alikwenda kukitazama mara moja tu kwa mtumbwi, akarudi, akalala kitandani, na kabla ya Krismasi alikuwa amezikwa bara, kwa sababu makaburi ya kwetu yalikuwa chini ya maji. Daftari zake zote za miti ziliyeyuka.

Teuntje hakulala kitandani. Alijua kitu kimoja: wakati wa baridi mti umelala, na mti uliolala hunywa kidogo. Vijiti vya juu huenda bado vilikuwa vizima. Februari alimwomba Lieven Poppe, mvuvi wa mikunga, ampeleke na mashua yake hadi barabara ya tuta.

"Mama Pieternel, watu wanatafuta viazi, wewe unatafuta vijiti?"

"Piga kasia, Lieven. Viazi nitakupa."

Walipita katikati ya vilele vya miti. Teuntje alisimama mashuani, Lieven akimshika sketi asitumbukie, akakata vijiti tisini kwa mikono iliyokuwa imekufa ganzi. Akavipanga kwenye ndoo ya mchanga wenye unyevu. Huko Goes, ambako maji hayakufika, alikuwa na binamu mwenye bustani na miche. Yeye mwenyewe hakuwa na kibali cha kuvuka. Lieven alikuwa nacho. Ndoo ikaenda na Lieven.

Safari ya siku moja ilichukua wiki mbili kwa vizuizi vya jeshi. Lieven aliitunza ndoo ile kama mtoto. Alilala nayo pembeni, aliifunika kwa koti lake, na kila alipoona mchanga unakauka aliumwagilia maji. Maji aliyokuwa nayo ni yale yaliyokuwa chini ya mashua.

Binamu alibebesha vijiti vyote tisini. Havikuchipua. Teuntje alipopata kibali, mwezi wa Mei, akaenda Goes, akachota mchanga kidogo uliobaki kwenye ndoo, akauonja. Chumvi tupu.

Lieven alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Vipi, mama? Vimeshika?"

Teuntje alitema mate pembeni, akajifuta mdomo. "Havikushika, Lieven. Baridi ilikuwa kali mno."

Aliitunza siri hiyo bila kumwambia mtu hadi Lieven alipokufa mwaka 1958, na hata baada ya hapo alimsimulia Pieternel peke yake. Mwezi huo huo wa Mei mielmu ya barabara ya tuta ilijaribu kutoa majani, madogo ya manjano, kisha ikaacha. Matuta yalipozibwa na maji kutolewa, kisiwa chote kilikuwa cha rangi ya kijivu, bila kivuli hata cha kumtosha kuku.

Basi watu walitaka miti. Walitaka miti kabla ya nyumba, wengine. Teuntje alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikusanya wanawake kumi na wanane, wake za wavuvi na wajane, akawapanga kwenye kiwanja cha kuazima, akawagawia visu. Safari hii hakuna aliyekuwa mbele na aliyekuwa nyuma. Kila mmoja alikata na kufunga mwenyewe. Mmoja wao, Maatje Koole, alilia kwamba hawezi, kwamba mikono yake ni ya kumenyea viazi.

"Umemenya viazi miaka mingapi?"

"Thelathini."

"Na ganda lako hutoka nene au jembamba?"

"Jembamba! Mimi situpi chakula."

"Basi wewe ni fundi tayari. Piga magoti."

Miaka kumi walifanya kazi ile. Mielmu, mipopla, miti ya miiba ya kuzuia upepo, mitofaa ya bustani. Anayepita leo kwenye barabara zetu na kuona miti, ajue mingi ya ile mikubwa ilianzia magotini mwa wanawake hao. Lakini ile yenye jani la namna mbili haikuwamo.

*

Mwaka 1962 bwana bustani wa mkoa, Adriaan Wondergem, mtoto wa Jakob yule wa safu ya pili, alirudi kutoka Noordhoeve, alikokwenda kutafuta ile miti kumi na miwili ambayo hakuna aliyeikumbuka tangu daftari za Koppejan ziyeyuke, akiwa hajui aketi au asimame. Kumi na mmoja kati ya miti ile kumi na miwili ilikuwa imekufa kwa ugonjwa zamani. Mmoja ulikuwa hai. Wima, kikonyo chekundu, nyuma ya zizi, mahali pale pale mwenye shamba alipoonyesha.

"Shangazi Teuntje, tumeupata!"

Habari zilienea kabla ya chakula cha mchana. Gazeti lilipiga simu. Meya alitaka sherehe, na safari hii, alisema, jina litasahihishwa: mti utaitwa Teuntje Brasser, na kibao kitakuwa cha shaba. Wanawake wa zamani wa kiwanja walianza kuoka mikate ya mdalasini. Krijn, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsaliti, alinyoa ndevu siku ya Jumatano.

Walikwenda Alhamisi kwa gari la mkoa. Teuntje aliuona mti tangu barabarani. Ulisimama kama ule. Alitembea haraka kuliko walivyozoea, akaacha watu nyuma, akaweka kiganja kwenye gome.

"Haya, shangazi," Adriaan alisema, akicheka. "Msalimie mwanao."

Akachuma jani. Kidole gumba kikapita. Likakwaruza juu. Likakwaruza chini.

Akachuma lingine. Akaomba ngazi, akapanda mwenyewe akiwa na miaka hamsini na mitatu, akachuma la juani, la kivulini, la tawi changa. Yote yalikwaruza mwanzo hadi mwisho.

"Umezeeka," Adriaan alisema kutoka chini. "Mti ukizeeka majani hukomaa, si ndiyo?"

"Huenda."

Na alitaka iwe hivyo. Alikaa juu ya ngazi ile na akajisemea kwamba miaka thelathini na mbili ni mingi, kidole nacho huzeeka, huenda kumbukumbu ndiyo iliyolainisha lile jani. Alimwona Krijn kwenye kiti chake chini, amevaa tai. Nani angembishia? Duniani hapakuwa na mtu mwingine aliyewahi kuujua mti ule kwa mkono.

Akashuka. Akavua koti, akapiga magoti upande wa magharibi wa shina, akaanza kufukua udongo kwa vidole. Mwenye shamba alimletea sepeto, akaikataa. Alifukua hadi kiwiko. Mti uliobebeshwa hubaki na kovu, uvimbe kama wa mfupa uliovunjika ukaunga, na makovu yake yeye yalitazama upepo siku zote. Alifukua magharibi, akazunguka kaskazini, mashariki, kusini. Shina liliingia ardhini laini, moja, bila alama yoyote.

"Siyo wenyewe," alisema.

"Shangazi..."

"Haukubebeshwa huu. Umeota wenyewe, kwa mbegu au kwa mizizi ya mti wa jirani. Wa kwangu ulikuwa hapa, pengine, ukafa, huu ukaingia mahali pake. Siyo wenyewe, Adriaan."

Adriaan alimvuta pembeni. "Shangazi, nisikilize. Meya ameshaalika watu. Gazeti limeshaandika. Ni mwelmu mzuri, uko hai, uko wima. Nani ataumia?"

"Yule atakayekuja baadaye akaupata wa kweli," alisema Teuntje. "Ataambiwa anadanganya."

"Na kama hakuna atakayeupata?"

"Basi umepotea. Andika umepotea."

Walipofika Zandkerke wanawake walikuwa wamesimama nje na mikate chini ya vitambaa. Maatje Koole aliona nyuso. "Kha! Nani amekufa?"

"Hakuna. Siyo mti wangu."

"Sasa hii mikate mia mbili tuifanyeje?"

"Tuile, Maatje. Tangu lini umehitaji sherehe?"

Walicheka, wakala. Ila wapo walionung'unika kwa wiki kadhaa kwamba Teuntje amewaaibisha, kwamba kiburi kimemzidi, kwamba mtu anapewa heshima na yeye anaipekua kwa kucha. Usiku wa Alhamisi ile Krijn alimwosha Teuntje vidole, kimoja kimoja, kwa brashi, kwani udongo wa Noordhoeve ulikuwa umeingia chini ya kucha na yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kuutoa. Hapo ndipo Teuntje alipolia, na alilia sana. Alikuwa ameupoteza mara moja akiwa kijana na kazi nyingi za kufanya. Mara ya pili hakuwa na pa kuuficha uchungu.

Adriaan aliandika: umepotea. Neno hilo moja bado liko kwenye orodha ya mkoa. Mwezi wa Februari mwaka uliofuata alibisha hodi jikoni kwa Teuntje, akiwa na bahasha ya vijiti vya mti wa Noordhoeve.

"Ni mti mzuri hata hivyo," alisema, hakumtazama usoni. "Umesimama katikati ya ugonjwa miaka yote hiyo. Nikafikiri..."

"Nawe umechelewa kufikiri. Wiki mbili zilizopita ndiyo ulikuwa wakati wake. Kaa, unywe kahawa, nitafute kisu."

Vilishika vijiti hamsini na nane kati ya sitini. Adriaan aliuliza jina. Teuntje alisema uitwe Noordhoeve, ulikoota, na jambo hilo likaisha. Miti hiyo ilipandwa barabara ya shule na pale kanisani. Ugonjwa ulipokuja upya miaka ya sabini, mkali kuliko wa kwanza, ulichukua mingi, lakini kumi na tisa imesimama, na wanafunzi huegemeza baiskeli zao hapo.

Teuntje alipoacha kazi, mwaka 1974, walimwandalia chakula katika ukumbi wa kijiji: supu ya njegere, mikunga ya kukaanga, na hotuba ya Adriaan ambayo ilikuwa ndefu mno. Baadaye alikuja kuketi karibu naye, ameshashiba na kulegea.

"Shangazi, leo nikwambie. Mwaka ule wa Noordhoeve nilikuchukia wiki mbili nzima."

"Mbili tu?" Teuntje alisema. "Mimi nilijichukia mpaka Pasaka. Nipitishie chumvi."